Uyoga wa Nyuma ya Jikoni

Siku ya tatu baada ya mvua za Machi kuanza, uyoga ulichomoza nyuma ya jikoni kwa Orpah, katika lundo la migomba iliyooza, ukanuka kama panya aliyefia darini. Inzi waliuzingira tangu alfajiri. Umbo lake sitalieleza sana, maana huenda wazee wa kanisa wakayasoma haya. Niseme tu kwamba Orpah, mjane wa Kiadventista asiyekosa Sabato hata moja, alipouona aliufunika kwa ungo upesi upesi, akaingia ndani kumpigia binti yake simu.

Binti yake alikuwa Daktari Kemuma, mtaalamu wa kuvu na uyoga katika chuo kimoja mjini Kisii. Alifika kijijini kwao Manga siku hiyohiyo alasiri akiwa na kikapu, rula na kisu kidogo. Akapiga magoti matopeni na viatu vyake vya ofisini, akauinua ungo. Kichwa cha kile kitu kilikuwa na utelezi wa kijani, na chini ya kichwa kilivaa wavu mwepesi ulioning'inia kama sketi. Kemuma aliwajua ndugu wote wa uyoga ule kwa picha. Kuna wenye wavu mweupe, kuna wenye wavu wa manjano. Huu ulikuwa wa zambarau iliyokolea, na hapakuwa na kitabu chochote duniani kilichowahi kuutaja.

Mwingine angemshukuru Mungu. Kemuma aliinamisha uso mpaka inzi wakamgonga shavuni, akasema polepole, "Onyancha. Leo nimekupata."

Basi tumjue huyo Onyancha ni nani, na alimkosea nini mwanamke huyu hata amtafute miaka ishirini na miwili.

Kemuma alikuwa na kaka mmoja tu, Ratemo. Ratemo alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, alifika kijijini mtaalamu wa mimea, Profesa Nehemiah Onyancha wa Nyakoe, akitafuta mtu wa kumwongoza katika miamba ya Manga. Ratemo aliijua miamba ile tangu akiwa mchunga mbuzi. Siku ya kwanza tu walikuta mmea mdogo wenye majani ya manyoya, umeng'ang'ania jiwe lililokuwa likichuruzika maji. Profesa alitoa daftari papo hapo. Lakini mmea haukuwa na ua, na katika kazi ile mmea usio na ua ni sawa na shahidi asiyesema. Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne Ratemo aliona ua moja jeupe, juu kidogo ya pale mkono wa mtu unapofika. Alipanda, akalichuma, akalitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Ndipo jiwe likamtoka chini ya mguu. Walipomwokota chini ya mwamba, alikuwa amekwisha, na ua halikuwa limechubuka.

Watu wa Manga hawakumlaumu mgeni, kwa sababu ajali haina kinga. Mazishini Profesa alisimama kando ya kaburi, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, akatangaza kwamba ua lile litaitwa kwa jina la Ratemo, hapa na ng'ambo, leo na milele. Usiichukulie ahadi hiyo kuwa jambo dogo. Abagusii, wenyeji wa huku, humwita mtoto kwa jina la aliyetangulia, na mtu akifa naye akaitwa tena, hajapotea. Ratemo hakuwa ameoa wala kuzaa. Orpah, ambaye alikuwa akilia tangu Jumanne, alinyamaza papo hapo, akamtazama Profesa.

"Nitalionaje hilo ua?" aliuliza.

"Jina likishachapishwa, nitakuja mwenyewe kukuchukua," alisema Profesa. "Nitakupeleka ulione."

Hakuja. Mwaka wa pili, Kemuma akiwa kidato cha nne, mwalimu wake wa bayolojia aliingia darasani na jarida, akijivunia mmea mpya uliopatikana nyumbani kwao. Mmea ulikuwa umepewa jina la Onyancha. Chini yake maandishi madogo yalieleza kuwa mwandishi amemkumbuka marehemu baba yake. Kemuma aliusoma ukurasa mara tatu. Kaka yake alikuwa mstari wa mwisho wa shukrani, hana hata jina: "kiongozi mmoja wa kienyeji."

Alipeleka nakala nyumbani. Orpah aliigeuza karatasi huku na huku, kisha akauliza, "Ratemo yuko wapi hapa?" Kemuma aliweka kidole juu ya maneno yale manne akasema, "Hapa." Mama yake aliyapapasa maandishi kwa kidole gumba, akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia. Kwa msichana wa miaka kumi na saba, uongo ule mdogo wa kumfariji mama ulikuwa mchungu kuliko msiba wenyewe.

Kuanzia hapo watu walimsifu kwa bidii. Wakasema msichana huyu anapenda elimu. Wapi! Kemuma alipenda jambo moja tu, siku ya kulipiza. Wachumba walikuja, wakachoka, wakaoa kwingine. Shangazi zake wakasema ameolewa na vitabu. Wangejua ameolewa na nani.

Alijua sheria za kazi yake kama muumini anavyojua amri kumi. Kila kiumbe kina ukoo wake, kina mlango, kina nyumba, na mtaalamu hawezi kukihamisha kwa kupenda kwake. Hayo huyakuta yamepangwa na maumbile, kazi yake ni kuyasoma. Lakini jina la mwisho, lile la kukitofautisha kiumbe na ndugu zake, hutolewa na yule anayekieleza kwa mara ya kwanza. Haombi ruhusa kwa mtu. Anaweza kutaja mlima, rangi, mama yake mzazi au adui yake. Na jina likishachapishwa ipasavyo, hakuna serikali wala mahakama ya kulifuta ati kwa sababu linamwaibisha mtu. Hata aliyelitoa, akijuta baadaye, hawezi kulirudisha kinywani.

Kwa hiyo uyoga unaonuka mzoga, wenye umbo la kufunikwa kwa ungo, ungeitwa Onyancha mpaka jua lizime. Wanafunzi wangeucheka darasani. Kemuma aliyawaza hayo akakata uyoga shinani taratibu, akauviringisha katika karatasi.

Jioni ile, wakimenya ndizi jikoni, alimweleza mama yake. Orpah alisikiliza mpaka mwisho, maganda yakimwangukia mapajani.

"Huyo mtu amekufa?" aliuliza.

"Bado. Nasikia ni mgonjwa."

"Basi unakosea. Aliye hai haitwi mara mbili. Jina la mtu ukilitoa naye bado anakula, umemchimbia kaburi."

Kemuma alimwambia mama yake kwamba, ikiwa ni hivyo, basi ni vizuri zaidi. Orpah hakucheka. Aliosha mikono, akainjika chungu.

Kazi ilichukua miezi. Alipima, akachora, akatazama mbegu zake kwa hadubini, akawaandikia wataalamu wa mbali waliokiri kwamba hawajaona kitu kama kile. Kufikia Juni makala ilikuwa tayari, imebaki kutumwa. Lakini kisasi asichokiona adui ni chakula ulichopika ukakila gizani peke yako. Alitaka kuuona uso wake. Akatia makala na picha ndani ya faili, akaenda Nyakoe.

Mlango ulifunguliwa na mama mzee mwenye mkongojo, aliyejitambulisha kuwa Roselyne, dada wa Profesa. Alimkaribisha kwa furaha ya mtu asiyepata wageni, akaleta chai, akarudi jikoni. Profesa Onyancha alikuwa kitini karibu na dirisha, blanketi magotini, amekonda hata ukosi wa shati ukampwaya shingoni. Kemuma alikuwa ameandaa maneno ya kujitambulisha. Hakuyahitaji.

"Dada yake Ratemo," alisema mzee. "Una paji lake la uso."

Kemuma alishtuka kwa kusikia jina lile likitoka katika kinywa kile. Alimkabidhi faili akakaa wima, akingoja.

Mzee alisoma kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno. Ukurasa wa pili alinyoosha mkono akaomba penseli. "Umeandika wavu una sentimita nne. Ulipima saa ngapi?"

"Alasiri."

"Umechelewa. Wavu wa uyoga wa namna hii husinyaa jua likipanda. Pima mwingine asubuhi na mapema, utapata zaidi." Akaandika alama pembeni, akaendelea. Kemuma aliona haya kama mwanafunzi, kisha akakasirika kwa kuona haya.

Hatimaye mzee alilifikia jina. Kioo kilitulia pale. Huko nje kuku alitetea akaacha. Profesa alikiweka kioo juu ya blanketi.

"Unanuka sana?"

"Kama mzoga."

"Na umbo lake ndilo hili la kwenye picha?"

"Ndilo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kemuma aliyangoja matusi au machozi, lolote kati ya hayo lingemshibisha. Badala yake aliona uso ule uliosinyaa ukifunguka. Ilikuwa furaha.

"Nilijua kwamba siku moja atakuja mtu wa nyumba ile," Profesa alisema. "Nilidhani mtakuja na laana. Mwanangu, mimi sina mtoto. Mke wangu nilimzika bila mtoto. Roselyne naye hakujaliwa. Ua lile ni la baba yangu, si langu. Tukiondoka sisi wawili, hakuna mtu atakayeitwa kwa jina langu. Nimekaa dirishani hapa mwaka mzima nikilifikiria hilo tu. Sasa wewe umeniletea huyu. Na anuke! Kila mvua ikinyesha ataota, na mtu atainama amwite kwa jina langu."

Kemuma alihisi kama aliyerusha jiwe kwa nguvu zake zote, likadakwa na kutiwa mfukoni. Akauliza swali alilolibeba miaka yote ile, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyopenda. Kwa nini?

Profesa alimweleza bila kujitetea. Baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi akiwa yeye mtoto wa miaka sita, asirudi, wala mwili wake usionekane. Hakuna kaburi. Mama yake, akiwa kitandani mwezi uleule wa ajali ya Manga, alimshika mkono akamwambia asikubali mumewe apotee hivi hivi.

"Nilikuwa na ua moja, na wafu wawili," alisema.

"Na ahadi moja."

"Na ahadi moja," mzee alikubali.

Hakuomba msamaha. Angeomba, Kemuma angemnyima, akatoka pale na kitu mkononi. Aliuliza tu makala itatoka lini, na alipoambiwa labda Novemba, alihesabu kwa vidole juu ya blanketi akasema atajaribu kungoja.

Kemuma alirudi Kisii akiwa na hasira ambayo hajawahi kuijua, hata siku ile ya kidato cha nne. Fimbo aliyoichonga miaka ishirini na miwili ilikuwa imegeuka mkongojo wa yule yule aliyekusudiwa kuchapwa! Aliketi ofisini, akafungua makala, akalitazama jina. Kumwaibisha Onyancha kumbe ni kumrithisha. Mtu mwenye kiu ya jina hateswi kwa jina baya, huteswa kwa kunyimwa. Akalifuta herufi moja moja, na mahali pake akaandika Ratemo.

Mama yake alipopashwa habari hakufurahi kama alivyotarajia. "Unampa mwanangu uvundo?" aliuliza. Lakini kesho yake asubuhi, uyoga mwingine ulipochomoza, Orpah alikwenda mwenyewe lundoni wakati Kemuma akipima wavu, akainama na kuvuta pumzi. Akakohoa, kisha mabega yakaanza kutikisika. Kemuma alidhani analia. Orpah alikuwa akicheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Akasema hii ni harufu ya Ratemo akivua viatu vyake vya mpira baada ya kutoka kuchuma chai, hii hii, watu walikuwa wakikimbilia nje na sahani zao za mboga ya chinsaga. Akajifuta macho kwa kanga.

"Mpe," alisema.

Wavu ule ulikuwa na sentimita sita na nusu. Kemuma alisahihisha.

Makala ilitoka mapema Novemba. Siku ya kumi na moja baada ya hapo simu iliita akiwa maabara. Ilikuwa sauti ya Roselyne, ikifuatiwa na mkwaruzo wa simu ikihamishwa mkono, kisha pumzi za mzee.

"Imetoka?"

Kemuma alikuwa na jarida mbele yake, limefunguliwa ukurasa wenyewe. Alikuwa amejiandaa kumwambia kweli, amsikie akivunjika. Lakini pale pale lilimjia wazo jingine, tamu zaidi, lenye haki ya jino kwa jino. Aliyeahidi jina kisha akalinyima, naye aahidiwe vivyo hivyo.

"Imetoka, Profesa," alisema. "Imeitwa kwa jina lako."

Kemuma alijitolea kumpelekea nakala, akijua hataipeleka.

"Usihangaike," mzee alisema. "Macho yamekwisha. Neno lako linanitosha. Asante, mwanangu."

Na ilikuwa tamu, nani asema haikuwa? Mkuki ulikuwa umempata nguruwe mwenyewe. Alikula akashiba, akalala bila kuota. Alimsimulia mama yake Sabato iliyofuata, na Orpah, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha kuchambua. Hakumkaripia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mzee alifurahi, na Kemuma alipojibu ndiyo, akaendelea na mboga zake.

Profesa Onyancha alifariki Januari. Kemuma hakukusudia kwenda kuzika. Orpah ndiye aliyevaa kitambaa chake cha msibani asubuhi na mapema, akakaa uani na mkoba mapajani, akasema yule mtu alikuja kwetu tulipofiwa. Wakaenda Nyakoe wote wawili. Walikaa nyuma, chini ya turubai, kati ya watu wasiowajua.

Watu walikuwa wachache, kwa maana nyumba ile haikuwa na wajukuu wa kuijaza. Roselyne alikuwa mbele, kando ya jeneza, akilia kilio cha chini kisicho na mapumziko. Alikuwa amebaki peke yake wa ukoo wake. Mchungaji alihubiri, jirani mmoja akasema machache. Kisha mchungaji alitazama kikaratasi chake na kutangaza kwamba marehemu, wiki zake za mwisho, hakuwa na habari nyingine ila moja. Kila aliyemtembelea aliambiwa kuna kiumbe hai cha Mungu kinachobeba jina lake, na kwamba binti aliyekipa jina hilo ni Daktari Kemuma. Kama yupo, aje mbele awaambie wafiwa.

Shingo ziligeuka. Kemuma alimtazama mama yake. Orpah alikuwa akitazama viatu vyake.

Alipita katikati ya viti. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na mgomba, udongo mwekundu umerundikwa upande wa kulia, kama lile la Manga. Alisimama kando yake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama. Kweli ilikuwa ulimini, tayari, maneno manne au matano tu, na mtu aliyestahili kuyasikia alikuwa amelala ndani ya sanduku.

Roselyne aliinua uso akamwona. Kilio kikakatika papo hapo. Alijivuta kwa mkongojo hatua mbili, akamshika Kemuma mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye joto.

"Hicho kitu, mwanangu," alisema. "Nitakionaje?"

Kemuma alifungua kinywa. Nyuma kabisa, chini ya turubai, aliona mama yake ameinua kichwa.

"Mvua za Machi zikianza," alijisikia akisema, "nitakuja mwenyewe kukuchukua."

Roselyne aliitikia kwa kichwa. Waliposhusha jeneza hakulia tena, wala mkono wa Kemuma hakuuachia.